Rufani ya Kodi Mlipakodi Akifariki: Kasoro za Utaratibu na Namna ya Kuziepuka

Mlipakodi anapofariki akiwa na mgogoro na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), deni haliishi kwa kifo chake, wala haki ya kulipinga deni hilo haipotei. Kinachokoma ni uwezo wake wa kupokea hati, kusaini fomu, kumtuma wakili na kuitwa mrufani. Katika pengo hilo, yaani tangu siku ya msiba hadi siku mahakama inapomtambua msimamizi wa mirathi, ndimo zinamozaliwa kasoro nyingi za utaratibu. Rufani yenye hesabu safi kabisa huweza kuondolewa kabla kitabu kimoja cha mauzo hakijafunguliwa, kwa kuwa aliyeileta hakuwa mtu anayetambuliwa na sheria kuwa ana haki ya kuileta.

Mwongozo huu unawahusu wajane, wagane, watoto, wasimamizi wa mirathi na washauri wa kodi wa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za mirathi, na mirathi za Waislamu huko husikilizwa na Mahakama za Kadhi, hivyo msomaji wa Unguja au Pemba atafute ushauri wa huko kuhusu namna ya kumpata msimamizi. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba Toleo la 2023 la sheria zilizofanyiwa urekebu, lililoanza kutumika Julai 2025, limebadilisha namba za vifungu vingi. Kwa sababu hiyo nataja majina ya sheria na sura zake, na anayeandaa hati afungue toleo jipya kabla hajaandika namba ya kifungu chochote.

Hatua ya kwanza: hakikisha mgogoro ni wa marehemu

Chukua hati ya makadirio, yaani hati ya TRA inayoonyesha kodi inayodaiwa, usome jina na TIN (namba ya utambulisho wa mlipakodi) iliyoandikwa juu. Ikiwa TIN ni ya kampuni yenye ukomo, mlipakodi hajafa, hata kama marehemu alikuwa mkurugenzi pekee aliyejulikana mtaani na ndiye aliyeshika funguo za ofisi. Kampuni itaendelea na pingamizi lake, yaani maandishi ya kuyapinga makadirio mbele ya TRA, kwa jina lake yenyewe, kupitia wakurugenzi waliobaki au watakaoteuliwa. Msimamizi wa mirathi hapo anahusika na hisa za marehemu tu. Mjane akijiandikisha kuwa mrufani katika shauri la kampuni kwa sababu tu mume wake ndiye aliyeianzisha, atakuwa ametengeneza kasoro mahali ambapo haikuwapo.

Ikiwa TIN ni ya mtu binafsi, hata kama duka lilikuwa na jina zuri la biashara lililosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), mgogoro ni wa marehemu. Jina la biashara halina uhai wa kisheria unaojitegemea.

Hatua ya pili: pambanisha tarehe ya kifo na tarehe za hati

Hatua hii ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata, na ni hatua ambayo wengi huiruka. Chukua karatasi moja uandike tarehe ya kifo kama ilivyo kwenye cheti kilichotolewa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vifo. Chini yake andika tarehe iliyo kwenye hati ya makadirio, tarehe ambayo hati hiyo ilipokelewa na jina la aliyeipokea, tarehe ya pingamizi, na tarehe uamuzi wa pingamizi ulipopokelewa. Cheti cha kifo ni muhimu kuliko tangazo la msiba au kibali cha mazishi, kwa sababu ndicho utakachokiambatanisha kwenye kila ombi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, mfanyabiashara binafsi, anaandikiwa makadirio ya kodi ya mapato tarehe 20 Februari. Anafariki tarehe 3 Machi. Hati inafikishwa dukani tarehe 10 Machi, na kijana wa kaunta anasaini kuipokea, kisha anaiweka kwenye droo pamoja na risiti. Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura ya 438, inatoa siku 30 za kuwasilisha pingamizi tangu uamuzi wa kodi ulipopokelewa. Mtu akihesabu kuanzia siku kijana aliposaini, muda unaisha tarehe 9 Aprili. Arobaini ya marehemu haijafika, na mjane, ikiwa ni Mwislamu, bado yumo ndani ya eda ya miezi minne na siku kumi. Kikao cha ukoo huenda bado hakijakaa.

Ipo hoja nzito ya kisheria kwamba hati iliyoandikwa kwa jina la mtu ambaye tayari amefariki haiwezi kuhesabiwa kuwa imemfikia, na kwamba siku 30 haziwezi kuanza kumhesabia marehemu. Hoja hiyo iandikwe, lakini isitegemewe peke yake. Familia inayokaa kimya ikiamini kwamba muda haujaanza huja kukuta makadirio yamehesabiwa kuwa ya mwisho, na wakala wa ukusanyaji wa madeni yuko mlangoni.

Makadirio yaliyotolewa na kupokelewa na marehemu akiwa hai ni jambo tofauti. Hayo ni halali kwa upande wa utaratibu, na muda wake ulishaanza kuhesabika kabla ya kifo. Ikiwa alipokea hati na kufariki siku ya 20, familia imebakiwa na siku 10, na njia pekee ni kuomba kuongezewa muda.

Hatua ya tatu: mpate msimamizi wa mirathi

Kuwa mke, mume, mtoto wa kwanza au kaka mkubwa hakumpi mtu mamlaka ya kusimama kwa niaba ya mali ya marehemu. Mamlaka hutokana na uteuzi wa mahakama: barua za usimamizi, au uthibitisho wa wosia kwa yule aliyeteuliwa ndani ya wosia. Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, inampa msimamizi huyo nafasi ya kuwa mwakilishi wa kisheria wa marehemu kwa mambo yote, na mali za marehemu huwa mikononi mwake kwa nafasi hiyo. Mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako uteuzi hutolewa kwa Fomu Na. IV. Mirathi nyingine huenda Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, kwa kadiri ya mamlaka ya kila moja.

Muhtasari wa kikao cha ukoo si barua ya usimamizi. Nalisisitiza hili kwa sababu muhtasari huo, wenye saini za wajomba na muhuri wa serikali ya mtaa, unaonekana rasmi mno kiasi kwamba hata baadhi ya washauri wa kodi huuambatanisha kana kwamba unatosha. Kazi yake ni kumpendekeza mtu mahakamani, basi.

Kosa linalofanana na hilo ni la mshauri wa kodi aliyekuwa akimhudumia marehemu kwa miaka. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, uwakala kwa kawaida hukoma mwenye kutuma anapofariki. Kwa hiyo mshauri aliyesaini pingamizi wiki mbili baada ya mazishi, akitumia barua ya uwakilishi aliyopewa na marehemu, amesaini kwa niaba ya asiyekuwapo. Anachoweza kufanya ni kuiandikia TRA kueleza kwamba mteja amefariki, kuomba muda, na kuhifadhi vitabu. Akishateuliwa msimamizi, mshauri apewe barua mpya ya uwakilishi, yenye tarehe mpya.

Iwapo ugomvi wa kifamilia unachelewesha uteuzi na shauri la kodi halingoji, muulize wakili kuhusu usimamizi wenye mipaka, unaotolewa kwa ajili ya kumwakilisha marehemu katika shauri mahususi bila kumpa mhusika mamlaka ya kugawa mali. Hautumiwi sana, ingawa unaziba pengo vizuri.

Hatua ya nne: itaarifu TRA, na usigawe kitu

Msimamizi akishateuliwa anatakiwa kumwarifu Kamishna Mkuu wa TRA kwa maandishi ndani ya siku 14. Barua iambatanishe cheti cha kifo, nakala ya uteuzi iliyothibitishwa na mahakama, TIN ya marehemu, na anwani ambayo hati zote zitumwe kuanzia sasa. Anwani hiyo ndiyo faida kubwa ya barua. Bila yake, taarifa zitaendelea kutumwa kwenye barua pepe ambayo nywila yake alikuwa nayo marehemu peke yake, na kwenye laini ya simu iliyokwisha kuzimwa. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Msimamizi anayegawa nyumba na fedha kwa warithi kabla ya kutenga kiasi cha kodi anajiweka katika hatari ya kudaiwa yeye binafsi. Warithi wenye haraka waelezwe hivyo mapema, tena kwa maandishi.

Kusanya pia ushahidi sasa hivi. Katika rufani ya kodi mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi au ni ya makosa uko kwa mrufani, na shahidi aliyejua kila muamala hayupo tena. Ripoti za mashine ya EFD (ya risiti za kielektroniki), taarifa za benki, miamala ya simu na daftari la wadaiwa viwekwe mahali pamoja kabla duka halijafungwa au kuuzwa.

Hatua ya tano: pingamizi kwa Kamishna Mkuu

Pingamizi liandikwe kwa jina la msimamizi, nafasi yake ikitajwa, na lieleze sababu za kupinga. Sheria inataka lisindikizwe na malipo ya kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kiasi kilicho kikubwa zaidi. Kwa yule mwenye duka wa Morogoro, tuseme alikadiriwa shilingi 90,000,000 na hesabu zinaonyesha kwamba 20,000,000 ni halali. Theluthi ya makadirio ni 30,000,000, nayo ndiyo itakayotakiwa kwa kuwa inazidi ile isiyobishaniwa.

Tatizo ni kwamba akaunti za marehemu zimefungwa na benki zikisubiri barua za usimamizi. Sheria inamruhusu Kamishna Mkuu kupunguza au kusamehe malipo hayo pakiwa na sababu nzuri. Ombi la namna hiyo liambatanishe barua ya benki inayothibitisha kwamba akaunti imezuiwa. Sentensi tupu kwamba familia iko msibani haitoshi.

Ikiwa siku 30 zinakaribia na hakuna msimamizi, ombi la kuongezewa muda lipelekwe kwa maandishi kabla siku hizo hazijaisha, likieleza tarehe ya kifo na namba ya shauri la mirathi lililofunguliwa. Namba ya shauri la mirathi ina uzito kuliko ahadi ya kulifungua. Anayelipeleka ajitambulishe alivyo, yaani mwombaji wa usimamizi, na asijiite msimamizi kabla ya uteuzi.

Hatua ya sita: Bodi ya Rufani za Kodi

Uamuzi wa pingamizi usiporidhisha, njia ni kwenda Bodi ya Rufani za Kodi chini ya Sheria ya Rufani za Kodi, Sura ya 408. Notisi ya kusudio la kukata rufani huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi ulipopokelewa, na rufani yenyewe ndani ya siku 45. Siku hizo 45 nazo zinahesabiwa tangu uamuzi ulipopokelewa, si tangu notisi ilipowasilishwa. Aliyewasilisha notisi siku ya 29 amebakiwa na siku 16 tu.

Kichwa cha hati kiandikwe kwa uangalifu. Namna iliyo salama ni hii: jina la msimamizi, likifuatiwa na maneno “akiwa msimamizi wa mirathi ya marehemu” na jina kamili la marehemu kama lilivyo kwenye TIN, kisha “mrufani”. Upande wa pili ni Kamishna Mkuu, Mamlaka ya Mapato Tanzania, “mrufaniwa”. Jina la marehemu likikaa peke yake kama mrufani, rufani imeletwa na mfu na ni batili. Jina la msimamizi likikaa peke yake bila kutaja nafasi yake, anaonekana kudai haki yake binafsi katika deni ambalo si lake. Kasoro hiyo ya pili wakati mwingine husameheka pale ambapo kumbukumbu za shauri zinaonyesha waziwazi nafasi yake, lakini hakuna sababu ya kuipa TRA nafasi ya kuleta pingamizi la awali, yaani hoja ya kutaka rufani iondolewe kabla ya kusikilizwa.

Notisi, maelezo ya rufani, kiapo na barua ya uwakilishi vyote vibebe kichwa hicho hicho. Nakala ya uteuzi iambatanishwe tangu mwanzo, na uhakikishe kwamba uteuzi haujatenguliwa na kwamba mahakama haijafunga usimamizi. Wakiwa wasimamizi wawili, waandikwe na kusaini wote wawili. Kumwacha mmoja kwa sababu anaishi mbali ni kualika mabishano yasiyo na tija.

Muda ukiwa umepita, Bodi inaweza kuuongeza ikiridhika kwamba ucheleweshaji ulitokana na kutokuwapo nchini, ugonjwa, au sababu nyingine ya msingi. Kifo cha mlipakodi kinaingia katika hiyo ya tatu, ingawa kifo chenyewe kinaeleza kipindi kifupi tu. Mahakama zetu hudai maelezo ya kila siku iliyochelewa. Kiapo kizuri kinaeleza lini mazishi yalifanyika, lini kikao cha ukoo kilikaa, lini maombi ya mirathi yalifunguliwa, lini uteuzi ulitolewa, na nini kilifanyika kati ya uteuzi na ombi hili. Kipande hicho cha mwisho ndicho huwaangusha wengi: msimamizi aliteuliwa Julai, akaja Bodini Novemba, na hana cha kusema kuhusu miezi iliyo katikati.

Hatua ya saba: mrufani akifariki shauri likiendelea

Wakili au mshauri aiarifu Bodi mara moja na kuomba ahirisho ili msimamizi apatikane. Kuendelea kusikiliza shauri ambalo mhusika wake amefariki bila kuwekwa mwakilishi huufanya mwenendo wote wa baada ya kifo kuwa batili, hata kama upande wa marehemu umeshinda. Ushindi wa namna hiyo hufutwa ngazi ya juu, na familia hurudi mwanzo ikiwa imechoka zaidi.

Pale ambapo kanuni za Bodi ziko kimya, Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, ndiyo huangaliwa. Amri yake ya XXII inaruhusu mwakilishi wa kisheria kuchukua nafasi ya aliyefariki. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inaweka siku 90 za kuwasilisha ombi hilo, na zikipita bila ombi shauri hukoma. Zichukulie siku 90 kuwa ukomo wako hata kama kuna anayekuambia kwamba kodi ina utaratibu wake. Amri hiyo hiyo ina nafuu moja: kifo kikitokea baada ya usikilizwaji kumalizika na kabla ya hukumu kusomwa, shauri halikomi na hukumu hutolewa.

Anayetaka kwenda juu zaidi, kwenye Baraza la Rufani za Kodi, ana siku 15 za notisi na siku 30 za rufani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, inayopokea hoja za kisheria tu, ina kanuni yake: rufani haikomi papo hapo kwa kifo cha upande mmoja, bali hukoma miezi 12 ikipita tangu kifo bila mtu yeyote mwenye maslahi kuomba mwakilishi awekwe. Kanuni hizi zinaibana TRA pia inapokuwa yenyewe mrufani na mrufaniwa akafariki.

Wapo wanaotegemea kanuni ya kuangalia haki badala ya ufundi wa kisheria, iliyoingizwa kwenye sheria zetu mwaka 2018, kama dawa ya kasoro zote hizi. Husaidia kwa jina lililokosewa herufi au kiambatanisho kilichopangwa vibaya. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba haiponyi masharti ya lazima, na kukosa uwezo wa kusimama mahakamani ni kasoro ya kundi hilo.

Hatua ya nane: kasoro ikiwa ya TRA

Makadirio yaliyoandikwa kwa jina la marehemu baada ya TRA kuarifiwa kifo chake yana udhaifu mkubwa, na hoja hiyo iwe ya kwanza katika pingamizi na katika rufani. Hapa ndipo muhuri ule wa kupokelewa kwa barua unapolipa. Hata hivyo, pima kabla ya kushangilia. Kwa kawaida TRA ina miaka mitano ya kurekebisha makadirio, na pakiwa na udanganyifu ukomo huo hauzuii. Ikiwa muda bado upo, makadirio yaliyofutwa kwa kukosea jina yanaweza kutolewa upya kwa jina la msimamizi, safari hii bila kosa. Ikiwa miaka mitano imepita, kasoro hiyo inaweza kumaliza mgogoro wote. Kwa maoni yangu, pale muda unapokuwa bado upo na deni ni dogo, mazungumzo ya kusuluhisha mgogoro huwafaa warithi kuliko miaka miwili ya kubishana juu ya jina.

Kwa vyovyote vile, hoja za hesabu ziandikwe pamoja na hoja ya kasoro. Bodi ikiikataa hoja ya jina na hakuna jingine lililoandikwa, hakuna kitakachobaki cha kusikilizwa.

Uangalie pia mwisho wa uamuzi unasemaje. Rufani iliyoondolewa kwa kasoro inaweza kuletwa tena baada ya kasoro kurekebishwa, muda ukiruhusu au ukiongezwa. Iliyotupwa haiwezi kurudi Bodini, na kinachobaki ni kukata rufani juu.

Hatua ya tisa: fedha na hesabu za mirathi

Orodha ya mali na madeni inayopelekwa mahakama ya mirathi itaje mgogoro wa kodi kama deni linalobishaniwa, pamoja na kiasi chake. Mahakama ya Mwanzo hutaka orodha na hesabu ndani ya miezi minne tangu uteuzi. Chini ya Sura ya 352, orodha hutakiwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Rufani ya kodi inaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo, kwa hiyo msimamizi aombe kuongezewa muda na asikubali usimamizi ufungwe, kwa kuwa ukifungwa mrufani anapoteza nafasi aliyosimamia. Rufani ikishinda na ile 30,000,000 iliyolipwa wakati wa pingamizi katika mfano wa Morogoro ikatakiwa kurejeshwa, ombi la marejesho lielekeze fedha kwenye akaunti ya mirathi iliyofunguliwa kwa amri ya uteuzi. Zikielekezwa kwenye akaunti ya zamani ya marehemu, benki haitazipokea, na zikielekezwa kwenye akaunti binafsi ya msimamizi, warithi wenzake watakuwa na haki ya kuuliza.